Charango ya Bolivia kwa mbao ya jakaranda: shajara ya mradi

Ninachonga charango, ala ndogo ya jamii ya gitaa kutoka milima ya Andes, yenye nyuzi 10: mwili, shingo na kichwa vyote kutoka kipande kimoja cha mti. Naandika kila hatua inapokamilika ili mwenye patasi chache na uvumilivu aweze kuifuata. Vipimo ni vya milimita pale nisipotaja kingine, na gharama ni shilingi za Kenya.

11 Mei 2024: Gogo

Masika ya mwaka huu yameangusha miti mingi Nairobi, na mjakaranda mmoja wa mtaani kwetu umo. Waliokuwa wakiupasua kuni walikubali kuniachia kipande cha urefu wa mita moja na ushee. Mti huu tumeuzoea hadi tunaudhani wa kwetu, lakini asili yake ni kusini mwa Bolivia na kaskazini-magharibi mwa Argentina, sehemu zile zile ambako charango hupigwa. Wachongaji wa Ukambani wameutumia miaka mingi kwa sababu hauchoshi mkono wala hauli makali. Bolivia nako jakaranda ni miongoni mwa mbao zinazotajwa sana kwa charango, pamoja na naranjillo, ingawa huko jina hilo hubeba miti zaidi ya mmoja. Wangu ni ule wa maua ya zambarau.

Amerika Kusini haina upungufu wa ala za nyuzi za kupigwa kwa vidole. Venezuela wana cuatro ya nyuzi 4, Kolombia wana tiple ya nyuzi 12 zilizofungwa tatu tatu, wakulima wa Brazili wana viola caipira ya nyuzi 10, na Chile kuna guitarrón ya nyuzi 25, nne kati yake zikiwa nje ya shingo kabisa. Karibu zote ni wajukuu wa vihuela (ala ya kale ya Kihispania iliyofanana na gitaa) na magitaa yaliyovuka bahari na Wahispania na Wareno kuanzia karne ya 16. Nimeichagua charango kwa kuwa huchongwa nzima kutoka gogo, kazi ambayo fundi yeyote wa gambusi pale Zanzibar ataitambua akiiona, ila gambusi huvikwa ngozi usoni na charango huvikwa ubao.

Zamani mgongo wa charango ulikuwa gamba la armadilo, mnyama mdogo wa nyanda za juu za Andes. Sitaki hata kuigiza umbo la gamba lile. Armadilo wa Andes aliwindwa mno, na sasa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, umeweka kiwango cha kusafirisha nje kuwa sifuri. Charango za mbao zimekuwapo muda mrefu na zina sauti kamili, kwa hiyo hakuna kinachopotea.

Kazi ya leo: gogo limepasuliwa katikati kwa msumeno wa mashine, kisha kila nusu ikapunguzwa tena upande wa ndani ili kiini cha mti kiondoke chote. Kiini kikibaki ndani ya kipande, ufa ni hakika. Ncha zimepakwa rangi ya mafuta tabaka mbili na nta ya mshumaa juu yake.

Gharama: mkokoteni 700, kupasua 800, rangi na mishumaa 250. Jumla 1,750.

30 Juni 2024: Charango ipi?

Mbao ikiwa inatulia, nimeutumia mwezi huu kusoma, kusikiliza na kuchora. Nilianza nikidhani charango ni ala moja yenye mapambo tofauti. Kumbe kila bonde lina yake, na tofauti haziko kwenye mapambo.

Aiquile, mji mdogo katika idara ya Cochabamba, ndiko kunakohesabiwa kuwa makao makuu ya mafundi wa charango. Charango ya namna ya huko ina mgongo wa mviringo uliochongwa, nyuzi za nailoni pacha tano, yaani jozi tano, na hupigwa kwa kunyofoa uzi mmoja mmoja na kwa kukwangua nyuzi zote pamoja pia. Ndiyo inayosikika kwenye majukwaa, ile iliyobebwa na Ernesto Cavour (1940–2022) wa La Paz, na na Jaime Torres (1938–2018) wa Argentina ambaye wazazi wake walikuwa Wabolivia.

Ukipanda kaskazini mwa Potosí, kwa wakulima, mambo yanabadilika. Nyuzi ni za chuma, mkono wa kulia hukwangua tu, na sauti hutoka kali na nyembamba ya kukata upepo wa uwanda wa juu. Kwa wengi wao ala hii ina msimu wake, kiangazi cha baridi. Mvua zikija, zamu ni ya ala nyingine. Kuna imani iliyoenea pande hizo na hadi Cusco nchini Peru kwamba nguva wa chemchemi ndiye anayeitia charango sauti, hivyo kijana anayetaka kumvuta msichana huiacha ala yake usiku kando ya maji.

Ayacucho, Peru, wanaitengeneza kama gitaa dogo: mgongo bapa, mbavu zilizopindwa, na nyuzi mara nyingi moja moja isipokuwa ile ya tatu. Jaime Guardia (1933–2018) aliijulisha kwa ulimwengu akiwa na charango ya namna hiyo. Halafu kuna walaycho, ndogo na ya sauti ya juu, na ronroco, kubwa na ya sauti nzito. Mauro Núñez (1902–1973), mwana wa Villa Serrano katika Chuquisaca, alichonga ukoo mzima wa charango za ukubwa tofauti ili zipigwe pamoja, kama ukoo wa fidla ulivyo.

Nimechora umbo la Aiquile: urefu wote 660, urefu wa uzi unaotetema 370, mwili 240 kwa 175 sehemu pana, kina 90. Ila nimeandika pembeni kwamba nitaifunga nyuzi za chuma, maana sauti ya Potosí imenikaa masikioni tangu niisikie. Pia nataka kujaribu freti (vizuizi vya shingoni ambako kidole hukandamiza uzi ili kupata noti) za uzi uliofungwa, kama za viola de cocho, ala ya Mato Grosso huko Brazili.

22 Septemba 2024: Kukausha

Nusu ya kwanza ya gogo imepasuka. Niliiacha kama ilivyo, nzima, chini ya mabati penye kivuli, na mwisho wa Julai ufa ulikuwa umeingia kutoka ncha hadi katikati, upana wa kutia sarafu. Rangi na nta zilizuia ncha kukauka haraka, lakini kipande kinene hukauka nje kikiwa bado kibichi ndani. Nje kunasinyaa, ndani kunakataa, na mti hauna pa kwenda ila kupasuka.

Nusu ya pili niliiokoa kwa kubadili mpango. Badala ya kungoja ikauke ndipo nichonge, niliichonga umbo la jumla ikiwa mbichi: mwili, shingo na kichwa kwa tezo, kisha nikalichimba tumbo kwa patasi iliyopinda hadi kuta zikabaki unene wa 20. Kuta nyembamba hukauka pande zote mbili kwa mwendo mmoja. Nikaizika kwenye gunia la maranda ya mti huo huo, gunia likafungwa mdomo, na maranda yakabadilishwa kila yalipoonekana kushika unyevu.

Kipimo pekee cha kuamini ni mzani. Ilipoingia guniani ilikuwa kilo 3.7. Sasa iko kilo 2.3 na haijashuka tena kwa wiki kadhaa. Imepinda kidogo shingoni, kiasi cha 3, na unene niliouacha unatosha kunyoosha. Kwa wasomaji wa Mombasa au Dar es Salaam: hewa yenu itaacha unyevu mwingi zaidi katika mbao kuliko hii ya Nairobi. Ala iliyojengwa pwani kisha ikapandishwa bara husinyaa na ubao wake wa uso hupasuka. Ijenge mahali itakapoishi.

Gharama: hakuna.

20 Oktoba 2024: Tumbo na mgongo

Kuta zimeshuka hadi 5, chini ya tumbo 6, na pale shingo inapoungana na mwili nimeacha 14. Mgongo wa nje umekamilishwa kwanza, ndani baadaye, kwa sababu mkono hupima ukuta vizuri zaidi ukiwa umeshaujua mgongo.

Sehemu iliyoleta tabu ni bega la kushoto. Hapo mistari ya mbao hugeuka uelekeo, na patasi iliyokuwa ikiteleza vizuri ghafla ilichimba ndani na kutoboa tundu la ukubwa wa ukucha. Kiraka kimetoka kwenye ile nusu iliyopasuka: kimechongwa kama kizibo chenye kingo za mshazari, kimegeuzwa hadi mistari ya mbao ikalingana, kikatiwa gundi na kubanwa usiku kucha. Ukikipaka maji huwezi kukiona.

Baada ya hapo niliweka patasi kando sehemu zote za mabega na kumalizia kwa kipande cha msumeno wa chuma kilichonolewa kikawa kikwangulio. Ni polepole lakini hakijali mbao imeelekea wapi. Kupima unene nilitengeneza bikari ya mbao yenye mikono mirefu iliyopinda, ncha moja ndani na moja nje. Nafasi inayoonekana juu ni sawa na unene ulio chini. Mwishoni taa ya simu ndani ya tumbo, chumba kikiwa giza, ilionyesha sehemu mbili ambako mwanga ulipenya kwa wekundu. Hizo sikuzigusa tena.

23 Novemba 2024: Ubao wa uso

Huko Bolivia uso wa charango nzuri huwa wa mbao laini ya jamii ya msonobari, mistari iliyonyooka na kukaribiana. Nimetumia saipresi kutoka kenchi ya nyumba iliyobomolewa, iliyokaa juu ya dari miaka mingi. Nilichagua ubao ambao mistari yake inasimama wima ukiutazama kwa ncha. Wenye mistari iliyolala hupinda na jua. Umepasuliwa, ukaunganishwa vipande viwili katikati na kupunguzwa kwa randa hadi 2. Chini yake kuna mihimili miwili, mmoja juu ya tundu la sauti na mmoja chini. Tundu lina kipenyo cha 55.

Ubao kavu wa namna hii ukigongwa kwa kifundo cha kidole hulia muda mrefu. Nilikaa nikiugonga kuliko kazi ilivyohitaji.

Gharama: ubao 400, gundi ya mbao 450. Jumla hadi sasa 2,600.

15 Desemba 2024: Freti

Viola de cocho ni ala ya Mato Grosso na Mato Grosso do Sul, katika bonde la mto Paraguai huko Brazili, nayo huchongwa kutoka gogo zima kama mtumbwi mdogo. Hupigwa katika ngoma za cururu na siriri, na taasisi ya urithi ya Brazili, IPHAN, iliisajili ufundi wake mwaka 2005. Freti zake ni uzi wa pamba uliopakwa nta na kufungwa kuzunguka shingo. Ni rahisi, hazihitaji waya wa dukani, na zinasogezwa kwa kidole sauti ikiwa si sahihi. Nilizitaka sana.

Hazikufaa hapa, na sababu ni ya umbo. Viola de cocho ina freti chache tu karibu na kichwa, mahali ambapo shingo iko huru na uzi unapita nyuma bila kizuizi. Charango hupigwa juu hadi ndani ya mwili. Baada ya freti ya 10 ubao wa vidole umelala juu ya uso wa ala, hakuna nyuma ya kuzungushia uzi. Tena, kwenye urefu wa 370, nafasi kati ya freti ya 12 na ya 13 ni kama 10 tu. Fundo la pamba la unene wa karibu 2 hula sehemu kubwa ya nafasi hiyo na kuizima noti nyembamba. Hata kule chini ambako zilifungika, pacha ya kwanza ilitoa sauti ya kugonga tu, bila mlio.

Nimezikata zote na kuweka waya wa freti wa kawaida, 17 kwa idadi, kwenye ubao wa vidole wa mzeituni-mwitu niliopewa na mtengeneza vigoda. Hesabu ya nafasi: gawa urefu wa uzi kwa 17.817, pata freti ya kwanza. Gawa kilichobaki kwa namba hiyo hiyo, pata umbali wa kutoka hiyo hadi ya pili, ujumlishe na wa kwanza, na kuendelea. Kwa 370, freti ya kwanza iko 20.8 kutoka kizingiti cha kichwa (kipande ambacho nyuzi hupita juu yake zikitoka kichwani kuingia shingoni), ya pili 40.4, ya tatu 58.9, ya tano 92.8, ya saba 123.1, ya 12 iko 185 kamili. Pima kila moja kutoka kizingiti chenyewe. Ukipima kutoka freti hadi freti, kosa dogo hukua njiani.

Gharama: uzi wa pamba 100, waya wa freti 1,800. Jumla hadi sasa 4,500.

18 Januari 2025: Nyuzi za chuma

Imefungwa na imelia, kisha imeharibika.

Mpangilio wa sauti niliotumia ni ule ulioenea zaidi Bolivia, kutoka pacha ya tano kwenda ya kwanza: sol, do, mi, la, mi. Usitarajie ipande kutoka nzito kwenda nyembamba kama gitaa. Pacha ya tatu ina mi mbili zilizoachana kwa oktavu, na ile ya chini ndiyo noti nzito kuliko zote, ikiwa imekaa katikati ya ala. Ndiyo maana mkono ukikwangua juu au chini, sauti hutoka imejaa kote na haionyeshi umeanzia upande gani.

Nyuzi za chuma zilikuwa za 0.23 hadi 0.36. Kwa siku ya kwanza nilipata kile nilichokitamani, mlio mkali unaobaki hewani. Siku ya pili nyuzi zilikuwa zimeshuka zikigusa freti za juu. Uso ulikuwa umebonyea kati ya tundu na daraja, kipande kinachoshika nyuzi juu ya uso, na nyuma ya daraja ulikuwa umevimba. Nilizilegeza, lakini usiku ule ubao ulipasuka kufuata ukingo wa daraja, sauti ikasikika chumba cha pili.

Hesabu nilipaswa kuifanya kabla ya kununua, nami naiweka hapa ili mwingine aanze nayo. Mvuto wa uzi unategemea uzito wake kwa mita, urefu wake na noti yake. Kwa vipimo vyangu, nyuzi 10 za chuma zinavuta kwa jumla karibu kilo 60. Nailoni ya kipimo cha kawaida cha charango, kwenye noti zile zile, inavuta kama kilo 44. Ubao wa 2 wenye mihimili miwili ni wa ala ya Aiquile, uliokusudiwa kuibeba nailoni na kuitikia haraka. Fundi wa Potosí anayefunga chuma anajenga uso wa kuibeba chuma. Nilichukua nyuzi za bonde moja nikaziweka juu ya ubao wa bonde jingine, kama nilivyotaka kufanya na freti za Mato Grosso. Vipimo hivi vimelelewa pamoja kwa vizazi, kila kimoja kikimtegemea mwenzake.

Gharama: mashine za kukazia nyuzi, seti mbili za gitaa, 2,400, nyuzi za chuma 900. Jumla hadi sasa 7,800.

22 Februari 2025: Uso wa pili

Kuutoa ubao wa kwanza: kisu chembamba kilichopashwa moto kwenye jiko, mvuke wa birika kwenye kiungo, na kusogea kidogo kidogo kuzunguka ukingo. Gundi nyeupe hulainika kwa joto. Anza upande wa chini, mbali na shingo. Ukingo wa tumbo ulitoka salama, ila sehemu ya upana wa kidole ilibanduka na kurudishiwa.

Ubao wa pili umetoka kwenye kenchi ile ile, unene 2 tena, mihimili miwili tena. Nilichobadilisha ni daraja. La kwanza lilikuwa refu kwenda juu, 11, nalo kila unapoliinua unaupa mvuto nguvu zaidi ya kulipindua. Jipya ni 8 kwa urefu na limepanuliwa mbele na nyuma, hivyo gundi imeshika eneo kubwa. Pembe ya shingo ilibidi ishushwe kidogo kwa randa ili nyuzi zisipae juu mno.

Nyuzi ni za kuvulia samaki, nailoni tupu isiyosukwa: 0.70 kwa pacha ya sol, 0.60 kwa do, 0.50 na 0.80 kwa mi mbili za katikati, 0.60 kwa la, 0.50 kwa mi za kwanza. Nailoni mpya hunyooka sana. Wiki ya kwanza hutafanya lolote ila kukaza, na hilo ni la kawaida.

Uso haujabonyea. Sauti ni laini kuliko nilivyoitaka mwaka jana, na sasa naisikia kwamba ndiyo ya umbo hili: inajibu kidole kinapogusa tu, hata ukipiga kwa upole kabisa. Tremolo, yaani kurudia noti moja haraka haraka, kwenye pacha ya kwanza inatoka safi hadi freti ya 15.

Gharama: nailoni, roli nne, 600. Jumla hadi sasa 8,400.

29 Machi 2025: Kichwa, umaliziaji, hesabu

Tatizo la mwisho lilikuwa uzito. Mashine 10 za chuma ziliifanya charango ianguke kichwa chini kila ilipoachiliwa. Charango hukumbatiwa kifuani kwa mkono wa kulia, mara nyingi bila mkanda, na mkono wa kushoto hauwezi kubeba shingo na kukimbia freti kwa wakati mmoja. Vigingi vya mbao vya zamani vingekuwa vyepesi, lakini nyuzi fupi zilizokazwa juu hivi hubadilika noti nzima kigingi kikisogea kidogo tu, na kwa 10 hiyo ni subira ya kila siku. Nimebaki na mashine, nikabadilisha vishikio vya chuma kwa vya mbao nilivyovichonga kutoka mabaki ya mzeituni, na kupunguza unene wa kichwa kutoka 17 hadi 14. Usipunguze zaidi ya hapo: kichwa kilichoinama ndani ya kipande kimoja kina mistari mifupi ya mbao pale kinapoanza, na hapo ndipo huvunjika ikianguka. Sasa inakaa kifuani bila kushikwa.

Umaliziaji ni mafuta ya kitani, tabaka nyembamba, kila moja ikikauka kabla ya nyingine. Uso nimeupaka mara moja tu ili usizibe.

Gharama: mafuta 400, msasa 300. Jumla ya mradi wote 9,100, ikiwemo 1,000 ya uzi wa pamba na nyuzi za chuma ambayo anayefuata shajara hii hana haja ya kuitumia.

Chuma sijaiacha. Imebaki saipresi ya kutosha nyuso mbili, na mpango wa pili ni charango ya Potosí tangu mwanzo: mwili mwembamba zaidi, uso wa 3, mhimili wa ziada chini ya daraja. Gogo la mwembe limeshapakwa nta ncha zote mbili. Safari hii litachimbwa likiwa bichi.